Etiketi Mbili

Hotuba niliyoitoa Bukavu siku wanafunzi wetu wa kukata na kushona walipopokea vyeti. Mvua ilipiga sana juu ya mabati na waliokaa nyuma hawakusikia yote, ndiyo maana nimeiandika.

Wazazi wetu mliopanda huku Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, asubuhi hii na tope lake lote, walimu wenzangu, majirani, na ninyi wanangu mnaopokea vyeti leo: jambo yenu.

Nina vitu viwili mkononi. Hiki cha kwanza mnakijua wote. Ni etiketi ya kitambaa niliyoifumua wiki hii kwenye kola ya shati la mtumba. Inasema shati ni pamba asilimia 60 na poliesta asilimia 40, na kwamba limeshonwa Bangladesh. Hiki cha pili, wako wazazi humu ndani watakaokitambua haraka kuliko mimi. Ni kipande cha plastiki chenye namba na mistari myembamba ya kusomwa na mashine. Kilifungwa kwenye mdomo wa mfuko wa madini. Nacho kwetu tunakiita etiketi.

Jina moja, na kazi moja: kumwambia mnunuzi aliye mbali kitu hiki kimetoka wapi na kimepita mikononi mwa nani. Nimeitwa kuzungumza juu ya nguo. Nimekuja na hii ya madini kwa sababu sheria zinazoandikwa Ulaya siku hizi juu ya nguo zinafanana sana na ile iliyoandikwa Marekani mwaka 2010 juu ya madini yetu. Sisi tuliopita katika ile ya kwanza, hatuwezi kukaa kimya juu ya hizi mpya.

Nianze na shati.

Mmewahi kusimama karibu na mama anayefungua balo, lile robota la mitumba? Mikanda inakatwa, na kitambaa kilichobanwa miezi mingi kinafura kama unga wa mandazi uliolazwa usiku. Harufu inatoka, ya dawa na ya kabati za watu. Yule mama hapumui vizuri mpaka atoe tabaka la kwanza, maana amenunua bila kuona, mara nyingi kwa pesa ya likelemba, mchango wa kupokezana zamu kwa zamu, ambayo wenzake wanaingojea. Nguo za kwanza ndizo zinazorudisha mtaji. Za katikati zinalisha nyumba. Za chini zamani tulizipasua tukafutia meza na baiskeli. Nimeshona miaka ishirini na sita katika mji huu, nasema nililolishika kwa vidole: lile tabaka la chini limepanda. Kitambaa kimekuwa chembamba, na shati lililooshwa mara tano limeanza kupinda mshono wa ubavuni hadi unakuja mbele ya tumbo. Wanaolileta wanatuambia ni nguo. Mkasi unajua kwamba si nguo tena.

Wanafunzi wangu wanakumbuka jaribio la kiberiti. Unachomoa uzi mmoja pembeni, unauwasha. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inadondosha tone jeusi linaloganda na kuwa gumu kama shanga. Hili shati langu linafanya yote mawili kwa pamoja, jivu na shanga. Na hapo ndipo wavumbuzi wakubwa wa dunia wamekwama. Poliesta inatokana na mafuta ya petroli, ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941. Pamba inatoka shambani. Ukisokota viwili hivi katika uzi mmoja, kuvitenganisha tena ni kazi ngumu na ghali. Kuna viwanda vinavyochambua nguo kuukuu kwa mwanga ambao jicho halioni, vikajua hii ni pamba, hii ni sufu. Sweden walikuwa na kampuni, Renewcell, iliyogeuza pamba kuukuu kuwa malighafi ya nyuzi mpya. Ilifungua kiwanda kikubwa mwaka 2022, na Februari 2024 ikafilisika, kwa sababu wanunuzi waliosifia uvumbuzi ule hawakununua vya kutosha. Kazi ile ilipata wenyewe wengine baadaye. Hata hivyo, nguo inayogeuzwa kuwa nguo mpya duniani haifiki asilimia 1. Msidanganywe na picha za mishale mitatu inayozunguka iliyochapwa kwenye etiketi.

Etiketi hii inasema Bangladesh. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, jengo la Rana Plaza lilianguka na kuua watu 1,134. Wengi walikuwa wanawake vijana wa umri wenu, waliokaa nyuma ya cherehani kama ninyi. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani. Benki iliyokuwa ndani ya jengo hilo iliwaondoa wafanyakazi wake. Washonaji waliambiwa warudi kazini. Nawaomba mlikumbuke hilo kila mnapofumua kola yenye neno hilo: kuna mtu aliyeingiza uzi kwenye sindano kabla yenu. Baada ya msiba ule ndipo wenye maduka ya Ulaya walianza kuulizwa kwa nguvu nani anawashonea na katika nyumba gani. Ufaransa ikatunga mwaka 2017 sheria ya kuyalazimisha makampuni makubwa kuchunga yanayotendeka hata kwa wale wanaoyafanyia kazi nchi za mbali. Ni sheria nzuri. Naiunga mkono bila kusitasita.

Tarehe hiyohiyo, 24 Aprili, ina habari nyingine nyumbani kwetu. Mjomba wangu, aliyenifundisha kushika mkasi, alishona abakosti. Vijana hamkuiona. Katika miaka ya 1970 Rais Mobutu alipiga marufuku suti ya Kizungu na tai, akataka wanaume wavae koti lile la kola fupi, bila shati la ndani wala tai. Wanawake nao wakakatazwa suruali. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba serikali kuingia katika mambo ya nguo ni jambo geni kwetu. Serikali iliingia mpaka kwenye shingo zetu. Mjomba alipata kazi nyingi sana. Kila karani wa Bukavu alihitaji abakosti mbili. Kisha tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akatoa hotuba yake ya N'Sele, akaruhusu vyama vingi, na tai pia. Mjomba alisikiliza redioni, sindano mdomoni. Alikuwa na abakosti sita zilizokatwa tayari. Wenyewe hawakuja kuzichukua.

Sheria moja ilimlisha miaka, na hotuba moja ikamwachisha. Hakuna aliyemuuliza siku ya kwanza, hakuna aliyemuuliza siku ya mwisho.

Sasa hii ya plastiki.

Julai 2010 Marekani ilitunga sheria kubwa ya mambo ya benki, na ndani yake kikawekwa kifungu cha 1502. Kiliyataka makampuni yanayouza hisa Marekani yaseme kama bati, tantalamu, wolframu na dhahabu yanayotumia vinatoka Kongo au kwa majirani wetu, na yachunguze kama pesa yake inanunua bunduki. Nani kati yetu angekataa hilo? Sisi ndio tuliozika watu. Lakini Septemba mwaka huohuo serikali ya Kinshasa ikasimamisha uchimbaji wote wa mikono katika majimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Na hata uliporuhusiwa, wanunuzi wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao. Ilikuwa rahisi zaidi kwao kuikimbia Kongo kuliko kuichunguza. Etiketi kama hii zilikuja polepole, mahali hapa zikafika, mahali pale hazikufika.

Mimi sichimbi. Mimi nashona. Lakini wateja wangu wa harusi walitoka Walungu, Mwenga, Shabunda, na pesa ya gauni ilitoka shimoni. Mwaka ule magauni manne ya harusi yalibaki yametundikwa kwenye msumari wa atelye yangu, chumba ninachoshonea, malipo ya kwanza yameshalipwa, ya mwisho hayakuja. Sikuyauza. Bibi harusi mmoja alirudi mwaka 2012, mtoto mgongoni. Walikuwa wamengoja mpaka wakachoka kungoja, wakaanza maisha, na sasa walitaka kubariki ndoa kanisani. Gauni halikufunga tena kifuani. Nilifumua ubavu wa kulia, nikafumua wa kushoto, nikatoa kile kitambaa cha akiba ninachoacha ndani ya kila mshono, upana wa vidole viwili kila upande. Likamkaa vizuri kabisa, kama nililikata asubuhi ile.

Kwa hiyo ninaposoma habari za sheria mpya za Ulaya, nazisoma na gauni lile mbele ya macho.

Zinasema nini? Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni kwamba bidhaa, nguo zikiwemo, zitengenezwe ili zidumu na ziweze kutengenezwa zikiharibika. Kuanzia Julai 2026 makampuni makubwa hayaruhusiwi kuharibu nguo mpya zisizouzwa. Ndiyo, walikuwa wanazichoma, nguo ambazo hakuna mtu aliyezivaa hata siku moja. Inakuja pia pasipoti ya kidijitali: kila nguo itakuwa na alama ya kusomwa kwa simu, ikueleze imetengenezwa kwa nini na imetoka wapi. Mnaona? Ni hii etiketi yangu ya plastiki, imehamia kwenye kola. Na mwaka 2025 wakaongeza kwamba nchi zote za umoja wao ziwatoze wazalishaji wa nguo gharama ya mwisho wa nguo, yaani kukusanya, kuchambua na kushughulikia taka. Ufaransa inafanya hivyo tangu mwaka 2007. Tena kutoka katika mfuko huo, tangu Novemba 2023, Mfaransa anayepeleka nguo yake kwa fundi aliyesajiliwa anapunguziwa euro 6 hadi 25, kulingana na kazi.

Wazazi, lisikieni hilo vizuri. Kushona zipu mpya, kutia bitana, kuziba tundu, kazi tunazofanya hapa Kadutu toka asubuhi mpaka giza liingie, huko zimekuwa jambo la kitaifa la kulipiwa. Mtoto wako aliyepokea cheti leo amesomea kazi ambayo Ulaya inatafuta njia ya kuirudisha. Wale mlionong'ona kwamba ameshindwa shule akapelekwa kwenye cherehani, acheni kunong'ona.

Ila nina swali, na sijalisikia likiulizwa kwa sauti ya kutosha. Shati hili linapouzwa Paris, mzalishaji analipa kitu kidogo kwa ajili ya siku litakapokufa. Shati linavaliwa, linatupwa ndani ya sanduku la kukusanyia, linachambuliwa, linafungwa kwenye balo, linavuka bahari hadi Mombasa au Dar es Salaam, linapanda malori hadi kwetu. Linakufa hapa. Linatupwa kwenye mtaro wa soko, mvua kama hii inalisukuma hadi mto Kawa, Kawa unalitia ziwani, na upepo unaweza kulifikisha mpaka mdomo wa mto Ruzizi, kwenye mitambo ya umeme ambayo tayari tunaijua jinsi inavyokabwa na chupa na takataka zetu. Kisha sote tunakaa gizani. Ile pesa ya maziko ya shati iko wapi? Imebaki kule lilikonunuliwa. Maiti imesafiri bila sanda.

Pesa ifuate nguo. Hilo ndilo ninalolidai, na nataka mlidai pamoja nami. Kama mzalishaji amelipia mwisho wa nguo, basi alipie pale mwisho unapotokea: soko la Kadutu, Virunga ya Goma, Kantamanto ya Accra. Na hizo nguo mpya ambazo hawaruhusiwi kuziharibu, tusipokaa mezani sasa zitaingizwa kwenye mabalo na kutumwa huku kwa jina la msaada, nasi tutaambiwa tushukuru.

Wapo wanaosema dawa ni kufunga mpaka, mitumba isiingie kabisa. Naelewa uchungu wao, hasa wa mafundi wenzangu. Lakini tumeona. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, sisi tukiwa bado hatujaingia, walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikakasirika, ikatishia kuzinyima nchi hizo nafasi ya kuuza kwake bila ushuru. Majirani mmoja mmoja wakarudi nyuma. Rwanda haikurudi, ilikuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Na huku mpakani kwetu, ng'ambo ya Ruzizi, wanawake walivuka wamevaa gauni juu ya gauni ili wapitishe biashara mwilini. Marufuku isiyo na kiwanda nyuma yake inamwangukia yule mwanamke. Hata sheria yetu wenyewe ya mwisho wa 2017 inayokataza vifuko vya plastiki, tokeni nje mhesabu vifuko vilivyoko mtaroni kisha mniambie.

Na viwanda vyetu? Babu zetu walilimishwa pamba kwa lazima tangu 1917. Kalemie ilisokota na kufuma, Kisangani ilichapa vitenge vya Sotexki ambavyo mama zetu walivikunja chini ya sanduku kama akiba. Leo kitenge cha bei ndogo sokoni kinatoka China, na kile cha kujivunia kinatoka Helmond, Uholanzi, kwa Vlisco, wanaofanya kazi hiyo tangu 1846. Sisemi msikivae, mimi mwenyewe nimekivaa leo. Nasema pamba yetu ina deni na sisi, na siku umeme na barabara vitakapokuwepo nataka kuliona likilipwa.

Kwa sasa tuna mikono. Mmenisikia darasani nikigombana juu ya vidole viwili mpaka mkachoka. Leo wazazi wajue kwa nini. Fumueni koti la zamani: mshono wa mgongoni una kitambaa cha akiba, pindo la suruali lina akiba, aliyelishona alijua mwili unabadilika, na kwamba koti litakwenda kwa mdogo wake mwenye nalo. Fumueni shati hili: mshono umekatwa na mashine ya nyuzi tatu ukingoni kabisa, hakuna hata nusu ya kidole. Likibana, limekwisha. Wameokoa kitambaa kidogo kwa kila shati, wakatajirika kwa mashati milioni, na gharama wametuachia sisi. Fundi wa kwetu anaigeuza kola iliyochakaa: anaifumua shingoni, anaipindua upande wa ndani ambao jua halijauona, anairudisha, na mwalimu anakwenda nayo shule miaka mingine miwili. Ulaya wanatafuta maneno marefu ya kuandika jambo hilo ndani ya kanuni. Waje waangalie meza zetu, watapata kipimo chake kwa sentimita.

Ndiyo maana kila mmoja wenu amekuta daftari ndani ya bahasha ya cheti. Halina mapambo. Kurasa zake nimezipiga mistari kwa mkono na walimu wenzangu. Kila mtakapokuwepo balo likifunguliwa, na mama mwenye balo akikubali, andikeni: vipande vingapi vilivaliwa kama vilivyo, vingapi vilihitaji fundi, vingapi havikufaa kitu, pamba, poliesta au mchanganyiko, kwa kiberiti au kwa etiketi, imeshonwa wapi. Msiandike jina la mama, msiandike bei aliyonunulia, hiyo ni siri yake. Kila mwisho wa mwezi tutakutana hapa na kujumlisha. Wale waliokuja kutufungia etiketi kwenye madini walikuja na hesabu zao, nasi hatukuwa na karatasi hata moja ya kuweka mezani. Safari hii tutakuwa nayo, na chama cha mafundi na chama cha wamama wa soko wameniahidi kuipeleka kwa pamoja, kwanza kwa serikali ya jimbo, kisha kwa yeyote wa Ulaya atakayegonga mlango na swali la nguo.

Mvua imepungua. Chini ya turubai pale nje kuna cherehani saba, uzi upo, pasi ya makaa imeshashika moto. Wahitimu watatengeneza nguo zenu bila malipo mpaka saa kumi. Anzeni na wazee, kisha wenye watoto wadogo, na kila nguo inayopita mezani iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza.